Siku Saba Nkome na Watoto Watatu

Kiangazi kimoja, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, mume wangu alipata likizo mgodini Geita, akatupeleka Nkome kwa dada yake ili watoto wakaone ziwa. Tulikuwa na wawili wanaokimbia na mmoja wa kunyonya.

Siku tuliyofika, wifi alituambia kwamba mamba alikuwa amekamata mbuzi palepale watu wanapochota maji. Tangu hapo sikuthubutu kuwaachia watoto. Wale wakubwa niliwafunga kwa kanga, kila mmoja ncha yake, katikati nikajizungushia kiunoni, na mdogo mgongoni. Nilikaa hivyo kando ya dagaa walioanikwa, mmoja akinivuta huku, mwingine kule. Mume wangu aliondoka na mitumbwi ya wavuvi kila alfajiri, akarudi anacheka.

"Umepumzika, mama watoto," aliniambia siku ya nne. "Hata jembe hulishiki."

Nikaifungua ile kanga kiunoni, nikamfunga yeye, watoto bado wako kwenye ncha zake. Nikampa na mtoto mchanga.

"Na wewe pumzika," nikasema.

Wifi alinisindikiza majini, fimbo mkononi. Maji yalinifika magotini, ya baridi, matamu. Sijanawa hata uso, nikasikia, "Mama watoto! Huyu analia!"

Nikageuka. Alikuwa amemshika mtoto mbali na kifua chake, hajui amweke wapi. Nikatoka majini, nikampokea.

Kesho yake aliondoka na mitumbwi kama kawaida. Ila hakuniambia tena kwamba nimepumzika.