Kichwa cha Shaba na Kitabu Nisichokisoma

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilikwenda kazini na ganda tupu la risasi mfukoni, nimelitunza kama mtu aliyebeba pete ya uchumba. Nilitaka Papa Ilunga alione anisifu.

Kwanza unijue. Mimi ni fundi, tena si wa kubahatisha. Shule niliiachia darasa la nne kule Morogoro, na leo nina karakana yangu hapa Toronto, mashine saba, na wahandisi wenye vyeti ukutani huja kuniuliza mimi. Sijisifu, nasema kilichopo. Lakini miaka ile ya tisini nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, nakata vyuma katika kiwanda kidogo cha mtaa wa Malton, kando ya uwanja wa ndege, ndege zikipita juu ya paa hadi vikombe vya chai vinacheza. Na mdomo wangu ulikuwa mkubwa kuliko kazi yangu.

Papa Ilunga alisimama kwenye mashine ya pili kutoka kwangu. Mzee wa Likasi, Kongo. Alikuwa ameyeyusha shaba nusu ya maisha yake kabla nchi haijamchafukia.

Sasa, rafiki yangu Njoroge, Mkenya wa Richmond Hill, alikuwa ameniingiza katika klabu ya shabaha. Tulipiga karatasi tu, kwa pistoli, chini ya jengo moja la zamani karibu na Parkdale. Watu wa klabu walijaza risasi zao wenyewe: unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unalisafisha, unatia fataki mpya ya kuwashia moto kitakoni, baruti tumboni, kisha unabana mdomoni kichwa, kile kipande kinachoruka. Ni kazi ya mizani na subira. Niliijua upesi, maana mikono yangu hujua upesi. Kipimo cha baruti nilionyeshwa na mwanachama mmoja, nikakikariri. Kitabu cha vipimo nilikuwa nacho pia, kinene, cha Kiingereza. Kilikaa rafuni wageni wakione.

Mwaka ule vikaja dukani vichwa vya aina mpya, shaba tupu juu hadi chini, vyenye kishimo nchani. Vile tulivyovizoea vilikuwa vya madini ya risasi, vimevishwa koti jembamba tu la shaba. Nikavipima kwenye mizani, kimoja kipya na kimoja cha zamani. Uzito sawa. Nikajiambia, uzito ule ule, baruti ile ile. Nilikifungua kitabu, nikayatazama maneno kama ng'ombe atazamavyo reli, nikakifunga. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, nami nikatembea humo nikipiga mluzi.

Nikajaza kumi na moja. Moja nikaijaribu Alhamisi, na pistoli ikaruka mkononi kama jogoo aliyekanyagwa. Nikafurahi! Kumi nikampa Njoroge apigie mashindano ya Jumamosi. Hapo nilivunja mwiko wa kazi ile, mwanangu: risasi uliyoijaza mwenyewe huipigi ila wewe, humpi mwenzio. Lakini nilitaka Njoroge ashinde, na watu waulize, nani kakujazia?

Basi wakati wa chai nikamwekea Papa Ilunga lile ganda kiganjani. "Papa, ona kazi ya mwanaume. Ilipiga kishindo, jengo zima likageuka!"

Hakusifu. Alivaa miwani, akalizungusha ganda kwenye mwanga wa dirisha. Akapitisha ukucha kiunoni mwa ganda, palipovimba. Akageuza kitako, ambapo fataki ilikuwa imelala bapa kama shilingi iliyopitiwa na treni.

"Iyi ganda imelia," akasema. "Weye ulisikia kishindo, ukafikiri ni makofi. Leta vile vichwa."

Nilikuwa navyo viwili mfukoni, vya kumwonyeshea. Akavisimamisha juu ya meza, cha zamani na cha shaba, bega kwa bega. Cha shaba kilikuwa kirefu zaidi. Nami nilivishika siku mbili nzima nisilione hilo!

"Shaba mi naijua. Ni nyepesi kuliko ile ingine. Ili uzito ulingane, lazima irefuke. Bon. Risasi nzima urefu wake ni ule ule, si ndiyo? Sasa urefu wa kuzidi unaingia wapi?"

"Ndani," nikasema, nikaweka kikombe chini.

"Ndani, juu ya baruti. Umeifinya mu chumba kidogo, na moto ni ule ule: chuma itapasukia mutu mu macho. Zingine ziko wapi?"

"Kwa Njoroge. Anazipiga leo saa nane."

"Na bado umekaa?"

Nilikimbilia simu. Mke wa Njoroge akasema, shemeji, ameshatoka. Papa Ilunga akazima mashine yake, akazima na yangu, akavaa koti. Msimamizi alipouliza, mzee akamjibu kwa Kifaransa, na mpaka leo sijui alimwambia nini.

Ndani ya basi akauliza, "Kitabu kilisema nini?"

"Sikukisoma, Papa. Kiingereza sijui kusoma."

"Na yale magazeti unafungua kazini kila asubuhi?"

"Natazama picha."

Alinitazama, mwanangu, nikatamani basi linimeze. "Utamwambia Njoroge vile vile."

"Mbele ya watu wote?"

"Njoroge iko na macho mbili. Weye uko na haya moja tu. Hesabu mwenyewe."

Tulifika wapigaji wamekwisha simama kwenye mstari. Njoroge alikuwa wa tatu, masikio kayaziba, pistoli imejaa. Niligonga kioo kilichotutenga nao kwa ngumi zote mbili hadi mwamuzi akapaza sauti, na kila mtu akaweka silaha chini.

"Buda!" Njoroge akacheka. "Umekuja kunishangilia?"

"Usipige. Zitoe."

"Wacha zako! Unaogopa nitang'aa na risasi zako kuliko wewe?"

Watu wakacheka. Nikasema kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kiingereza changu cha kuchechemea ili wote wasikie: nimejaza vibaya, kitabu sikukisoma, kusoma sijui. Njoroge akazitoa moja moja, akaniwekea mkononi, tukahesabu pamoja hadi kumi. Kisha akaniangalia kwa macho yake yote mawili.

"Wee, si ungesema tu? Mimi niko hapa miaka yote."

Mashindano alishindwa. Lakini kuanzia Jumapili iliyofuata alinikalisha jikoni kwake, kitabu kati ya chapati na maharage, nami nikisoma kwa kidole kama mtoto. Ukurasa wa vichwa vya shaba ulisema yale yale ya Papa Ilunga: vina vipimo vyake, anza chini, panda polepole. Kipimo chenyewe sikutajii. Kipimo husomwa kitabuni, hakichukuliwi mdomoni mwa mtu.

Miezi ikapita, nikajaza upya sawasawa. Tukapiga kwenye mabunda ya magazeti yaliyolowa maji. Kichwa cha madini ya risasi kilitoka kimepondeka, kimeacha makombo njiani. Cha shaba kilikuwa kimefunguka kama ua la petali sita. Papa Ilunga akakiweka kwenye mizani, kisha akanipa.

"Tazama. Imefunguka yote, na haikupungua kitu."

Ninacho hapa mezani ninapoandika. Mzee ametangulia. Njoroge yupo, na macho yake yapo. Juzi yalizihesabu chapati zangu hadi ya tano.

Basi shika hili, mwanangu. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio kile karibu kiwe cha mwenzangu. Usiloweza kusoma, mpe anayeweza akusomee. Chombo kikipiga kishindo, usidhani kinakusifu, kikague. Na siku utakapolazimika kujifungua mbele za watu na kusema sijui, jifungue, hutapungua hata chembe. Mimi sikupungua, na unaniona nilivyo.

Mungu aibariki mikono yako. Akulindie macho, yako na ya rafiki zako, na akuweke karibu na mzee mkali atakayezima mashine yake akufuate.