Siku Tuliyompa Mjomba Kiti cha Mgeni Rasmi

Mimi ni shabiki wa muziki wa roki, naishi Morogoro, na nafundisha hisabati sekondari. Watu wakiyasikia hayo matatu kwa pamoja hucheka, na mimi huwaacha wacheke mpaka wachoke. Halafu nawauliza: mpira wa miguu nao ulianzia Morogoro? Mbona kila wiki mnavaa jezi na kununiana mpaka ndani ya nyumba? Basi niacheni na magitaa yangu.

Tuko watatu. Mbali na mimi kuna shoga yangu, nesi wa hospitali, mpole kiasi kwamba wagonjwa wenye umri wa bibi yake humwita mama. Akisikia dramu zinaanza, upole wote unabaki kwenye kiti. Mwingine ni mkutubi wa chuo kule Mzumbe, kaka mmoja mstaarabu wa swala tano, ambaye wiki nzima kazi yake ni kuwanyamazisha wanafunzi. Siku ya onyesho hupiga kelele kutuzidi sote. Tukimtania anasema naye ana haki ya kupumzika.

Tulikutana palepale Mzumbe, kwenye kantini, siku bendi ya vijana wanne ilipopigia watu waliokuja kula chipsi. Kila wimbo ulipoisha kulikuwa na mtu wa kuwaomba wapige nyimbo za harusi. Waliopiga makofi tulikuwa sisi watatu tu, kila mmoja meza yake, hatujuani. Tukatazamana. Wimbo wa pili ulipofika katikati tulishahamia meza moja, na hatujaachana tena.

Bendi hiyo haina meneja wala kampuni nyuma yake, na redioni hujawahi kuisikia. Nyimbo wanatunga wenyewe, kwa Kiswahili, kuhusu mambo yanayotusibu: kodi ya chumba, mvua inayoanza ukiwa umeanika, mpenzi aliyehamishiwa Dodoma na wizara yake akasahau kupiga simu. Anayeimba ndiye anayepiga gitaa, kijana wa Kiluguru aliyezaliwa juu milimani, ambaye mchana anatengeneza simu karibu na soko. Kwa sauti ile aliyonayo, ningekuwa mimi nisingesalimiana na mtu. Yeye akimaliza kuimba anasema ahsanteni, halafu anainama kukunja waya zake mwenyewe.

Tuliwafuata kila walikokwenda. Kingolwira walipiga uwanjani, upepo ukaangusha turubai juu ya spika, na mkutubi akalishika turubai lile kwa mikono yote miwili mpaka onyesho likaisha, huku anaimba. Ngerengere waliitwa harusini. Shangazi wa bibi harusi akaomba wapunguze sauti. Wakapunguza. Akarudi, wapunguze tena. Mwishowe wakawa wanapiga magitaa yasiyo na umeme kabisa, unasikia vidole tu vikigusa nyuzi, na sisi watatu tukainuka tukacheza hivyohivyo, katikati ya watu wanaotukodolea macho. Mimi sijawahi kujivunia kitu kama siku ile, na nina shahada.

Basi Jumamosi moja baada ya mazoezi, kijana wetu akatuambia anaacha muziki. Alisema taratibu, huku anapangusa gitaa kwa fulana ya zamani. Mjomba wake amemwita arudi kijijini. Maharage yakishavunwa, apande mlimani akabidhiwe kipande cha shamba la ukoo, ajenge, atulie.

Kwa mtu asiyewajua Waluguru nieleze kidogo. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho juu yake ni mjomba, kaka yake mama. Baba unaweza kumbembeleza. Mjomba akishasema, amesema. Na huyu mjomba ndiye aliyemlea kijana tangu baba yake alipofariki, akambeba mgongoni kwenda zahanati, akamsomesha. Kijana hakuwa tayari kubishana naye hata kwa nukta moja. Alichotaka ni kupiga mara moja nyumbani kwao, ukoo wake umwone, ndipo aliweke gitaa chini.

Nesi akaanza kulia. Mimi nikapandwa na hasira.

"Mjomba amewahi kukusikia ukipiga?"

"Hajawahi, mwalimu."

"Sasa anakikatazaje kitu asichokijua?"

"Hajakataza. Ameniita tu."

"Na hilo onyesho la kuaga, atakuja?"

Akatabasamu kwa unyonge. "Atakuja kusalimia, halafu ataondoka. Mjomba hakai mahali. Hata harusini hula amesimama."

Siku chache baadaye ukaja ujumbe kutoka kwa mwenyekiti wa kigango, mzee msimamizi wa ukumbi wa kanisa kule kijijini. Ukumbi tumepewa kwa masharti: shughuli ianze kwa sala, iwe na ratiba, na iwe na mgeni rasmi. Mpiga dramu akasonya, akauliza tangu lini roki ikawa na mgeni rasmi. Mkutubi akatamka maneno tuliyoyaona ya busara kuliko yote yaliyowahi kusemwa Mzumbe.

"Mgeni rasmi hawezi kuondoka mapema."

Tukamwelewa papo hapo. Mgeni rasmi huketi meza kuu tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu yeye ndiye anayefunga. Akiondoka kabla, amewatukana wenyeji. Basi tukampa mjomba ugeni rasmi. Barua ya mwaliko niliiandika mimi mwenyewe, kwa Kiswahili cha kiofisi chenye heshima zote, na mjomba akakubali. Tukapongezana. Tulijiona wajanja kweli.

Jumapili ya onyesho tulipanda mlimani na gari la mizigo la kukodi, dramu zimefungwa kamba, sisi tumevaa makoti kwa baridi. Ukumbi ulijaa baada ya misa ya pili. Walikuwa watu wa mlimani, wengine mikono bado ina udongo wa karoti chini ya kucha, kina mama na kanga zao nzuri, wazee wamekaa mbele. Mjomba akaingia. Mtu mfupi, mkavu, kofia mkononi, koti la suti juu ya sweta. Wakamvisha skafu. Wakamweka meza kuu yenye kitambaa cheupe, maua ya plastiki na chupa ya maji, hatua chache tu kutoka kwenye spika. Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyekuwa mshereheshaji, akatutambulisha kwa kifupi kama wageni, tukainuka na kupunga mikono. Sala ikasaliwa. Bendi ikaanza.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba tumejitia kitanzi wenyewe.

Hakuna mtu anayeinuka kabla ya mgeni rasmi. Kila mtu anajua hilo, mimi nikiwemo, nimesimamia mahafali mangapi shuleni. Ila akilini mwangu sikuliunganisha na roki. Roki ya kukaa ni kama ugali wa baridi. Gitaa lilikuwa linalia, dramu zinapiga mpaka madirisha yanatetemeka, na ukumbi mzima umeketi mikono mapajani. Wimbo ukiisha, mwenyekiti anashika maiki: "Tupashe mikono, tupige makofi matatu." Watu wanapasha, pa, pa, pa, kimya. Wimbo wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo.

Kijana wetu alianza kuishiwa nguvu, nikamwona. Alikuwa anaimba akitazama sakafu. Mjomba naye kakaa wima, kofia gotini, uso hauonyeshi kitu. Moyo uliniuma, maana kitumbua kile tulikitia mchanga sisi tunaompenda. Kama huyu mzee angeamua siku hiyo kwa alichokiona, angekuwa na haki kumwambia mpwa wake kwamba hata watu wa kwao hawana haja na kelele zile.

"Tufanye nini?" nesi akaninong'oneza.

Kusimama hatukuweza, ingekuwa kumdhalilisha mzee mbele ya watu wake. Ila hakuna aliyesema tusiimbe. Wimbo wa nne ulikuwa ule wa mvua, ambao tunaujua mpaka pale anapovuta pumzi. Nikajikaza, nikaanza. Nesi akaingia. Mkutubi akafungua koo lake la wiki nzima. Tuliimba tumekaa, safu ya tatu, ubeti kwa ubeti, na kijana akainua macho kutoka sakafuni akatuona. Sauti yake ikarudi.

Nilipotazama meza kuu, mjomba hakuwa anamtazama mpwa wake tena. Alikuwa anatutazama sisi.

Akainua mkono. Mwenyekiti akakimbilia bendi kuwanyamazisha, dramu zikakatika. Mzee akapewa maiki. Hakusimama.

"Hawa wanaoimba huku," akasema kwa ile lafudhi ya mlimani, "ni nani?"

Wenzangu wote wawili wakanitazama mimi. Nikainuka. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mmetoka wapi?"

"Sisi wawili Morogoro mjini, mimi ni mwalimu huko. Na huyu Mzumbe."

"Mmeyajuaje maneno yake?"

"Tunamfuata kila anapopiga. Kingolwira tulikuwepo, Ngerengere tulikuwepo."

"Mnalipwa?"

Sijui nilipata wapi ukali ule. Labda ni kazi ya ualimu. "Hatulipwi, mjomba. Kuna siku tulibeba na spika zake. Tunakuja kwa sababu anaimba vizuri, na huko mjini wapo wengi wasiolijua hilo, ila sisi tunalijua."

Mzee akaizungusha kofia yake gotini.

"Na mkiwa huko kwenu, mnamsikiliza mmekaa hivi?"

"Hapana, mjomba. Huwa tunasimama. Tunaruka."

"Sasa mbona mmekaa?"

"Tunakusubiri wewe. Wewe ndiye mgeni rasmi."

Mama mmoja nyuma akaangua kicheko, akashindwa kujizuia, na wengine wakamfuata. Mjomba akawageukia watu wake, akawatazama safu kwa safu, kama vile ndiyo kwanza anaona wameketi. Akasema, "Mtoto anafanya kazi peke yake toka saa ile, nyie mmekaa mnamwangalia?" Kisha akavaa kofia yake na kusimama.

Viti vya plastiki vilipiga kelele kwa pamoja. Kijana alirudia wimbo ule tangu mwanzo, na hapo ndipo Uluguru ilipoijua roki. Nesi alipotelea katikati ya kina mama, nikawa naona kilemba chake tu kikipanda na kushuka. Mkutubi aliruka na wazee wawili. Kina mama wakapiga vigelegele katikati ya gitaa, mahali ambapo hakuna bendi iliyowahi kufikiria kuviweka, na vikakaa sawasawa. Mjomba hakucheza. Alisimama wima mikono nyuma, koti lake na skafu yake, hakuketi tena mpaka wimbo wa mwisho. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Ukafika wakati wa hotuba. Kijana alisimama pembeni na gitaa lake, kichwa chini, maana alijua kinachokuja. Mjomba akakohoa.

"Huyu nilimwita arudi," akasema. "Sikumwita kwa sababu ya gitaa. Gitaa mimi sina ugomvi nalo. Niliambiwa anaishi mjini peke yake, chumba kimoja, hana mtu. Nikajiuliza, siku akiugua nani atajua? Akifa nani ataniletea habari? Ndiyo nikasema bora aje hapa alime, nimwone kila asubuhi." Akatugeukia. "Leo nimeona ana watu. Sikuwa nimeambiwa kwamba ana watu."

Nesi akashindwa kujizuia. "Akiugua mimi ni nesi, mjomba," akasema kwa sauti, na watu wakacheka, mzee naye akacheka kidogo.

"Shamba lipo," akaendelea. "Dada zake wanalilima vizuri kuliko yeye. Aende akaimbe." Kisha akaninyooshea kidole. "Ila lazima awe na mjomba huko chini. Huyu bwana wa Mzumbe ni mpole mno. Wewe mwalimu, wewe unajibu. Wewe ndiye mjomba wake wa mjini."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi ambayo hakuna aliyeyahesabu. Mimi ni mwanamke, mtu wa Tabora, sina hata tone la damu ya Kiluguru. Nilitaka kumweleza kwamba haiwezekani, nikamwona kijana wetu kule pembeni amefunika uso kwa mkono, mabega yanatikisika, nikaupokea ujomba. Tulishuka mlimani na mfuko wa karoti na kabichi tatu, hatuna sauti hata ya kuagana.

Mzee hunipigia simu mpaka leo. Huuliza kama mtoto anakula, kama chumba hakivuji, kama wale wengine wawili bado wanakwenda. Namjibu yote, na palipo na la kumsema kijana, namsema.

Na kila onyesho, kabla ya kuunganisha waya zake, kijana wetu hushuka jukwaani mbele ya watu wote, wawe kumi au wawe mia, huja mpaka tuliposimama na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mjomba."

Wasiotujua hugeuka kunitazama, mwanamke mzima na gauni langu la kitenge. Namwitikia marahaba kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.