Filimbi ya Mwalimu Mgaya

Usiku ule niliingia kitandani mapema, kabla hata ya chakula, kwa sababu sikutaka macho ya mtu. Jioni yake Upendo alikuwa amenisimamisha njiani kuniambia kwamba Jumamosi anaondoka. Chuo kimoja cha mjini, mbali na huku kwetu milimani, kimemchukua akasome ualimu na kuwachezea mpira. Hapa kwetu chuo cha ualimu kipo, timu ya wasichana ipo, na kocha wake ni mimi.

"Hongera, mwanangu," nilimwambia. "Lakini mbona hukutuambia mapema? Sisi tulijua unakuja kwetu."

"Nani aliniambia nije?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anacheka kidogo, na hilo ndilo liliniumiza. "Wenzako wa mjini walikuja nyumbani, kocha. Wakavua viatu mlangoni, wakaongea na mama. Wewe kwetu unakuja kununua maandazi."

Nyumba yao iko nyuma ya goli la juu. Kwa miaka mingi tumemsikia akipiga mpira kwenye ukuta wa jiko la mama yake, sisi tukiwa mazoezini. Du, du, du. Tulikuwa tukila maandazi ya mama huyo na kusema huyu binti ni moto. Afisa michezo wa chuo alisema siku moja, mdomo umejaa, "Upendo aende wapi? Si kazaliwa golini kwetu? Tuwafuate wa mbali kwanza." Nikaitikia. Tukapanda gari la chuo, tukazunguka wilaya za watu, tukabisha hodi kwa wazazi tusiowajua na kuwapelekea sukari na vitenge. Kwa Mama Upendo hatukupeleka hata salamu.

Nililala na maneno hayo kifuani.

Nikajiona nimesimama uwanjani, ukungu umeshuka mpaka kwenye nyasi. Mwalimu Mgaya alikuwa amekaa kwenye benchi letu, amevaa koti lile tulilomzikia, suruali ameikunja kama alivyozoea asubuhi za umande. Yeye ndiye aliyeianzisha timu hii. Mimi nilikuwa msaidizi wake, mtu wa kujaza mipira upepo na kuchora mistari kwa chokaa. Alipofariki, mkewe alinivisha filimbi yake shingoni mbele ya waombolezaji, na tangu siku ile naivaa kila nitokapo, hata nikienda dukani kununua chumvi.

"Kamwene," alinisalimu.

"Kamwene, Mwalimu."

Sikuogopa. Niliona aibu tu, kama mtu aliyefikiwa na mgeni kabla hajafagia.

Hakunitazama. Alikuwa anatazama uwanja, na wasichana wetu wanakimbia katika ukungu. Nawatambua kwa mwendo wao. Lakini kila anayenipita, jezi yake ya kijani inageuka kuwa ya rangi nyingine, na hakuna anayegeuza shingo. Nataka kupuliza filimbi wasimame. Napuliza. Inatoka hewa tupu.

Halafu nasikia mpira ukutani. Du. Du. Mwalimu anainuka na kuufuata ule mlio, nami namfuata nyuma, na goli tunalipita kama si kitu, tukawa tuko ndani ya jiko la Mama Upendo. Moshi, mafuta yanachemka. Mwalimu ameshakaa kwenye kigoda. Mama Upendo hamwoni, ananiona mimi.

"Karibu, kaka. Leo unataka mangapi?"

Nafungua mdomo niseme nilichojia. Nasikia sauti yangu ikisema, "Nipe matano."

Mwalimu anacheka kile kicheko chake kikavu, cha puani. Mama Upendo anafunga maandazi kwenye gazeti na kunipa. Ni ya moto mno, yananiunguza viganja, wala siwezi kuyaweka chini, kwa maana kila mahali ninapotazama pana viatu. Viatu vya wageni, vimepangwa vizuri mlangoni. Vyangu niko navyo miguuni, na vimejaa tope.

"Mlimwomba?" Mwalimu akauliza.

"Mwalimu, yule ni wetu."

"Nimekuuliza kama mlimwomba."

Ukutani mpira umenyamaza. Najua Upendo amesimama upande wa pili wa ukuta ule wa udongo, anasikiliza.

"Hapana," nikasema. "Hatukumwomba."

Akainuka. Nikakumbuka hapo, ndani ya ndoto, jambo nililoliona kwa macho yangu tulipokuwa tukienda pamoja majumbani kwa watu. Kila alipofika mlangoni, kabla ya hodi, Mwalimu alivua filimbi akaitia mfukoni. Niliwahi kumwuliza sababu. Akaniambia uwanjani yeye ni kocha, mlangoni kwa mtu yeye ni mwombaji. Mimi hapa nimeivaa ndani ya jiko la mama wa watu.

Mkono wake ulikuwa baridi shingoni mwangu. Aliivua ile filimbi polepole, akaitia katika mfuko wa koti langu, akaupigapiga mfuko kama mtu anayemlaza mtoto.

"Wa nyumbani naye ana mlango," akasema.

Akawa anaondoka, ameshafika katikati ya uwanja, ukungu unamla kuanzia miguuni. Nikapaza sauti.

"Na akikataa, Mwalimu?"

Alisimama bila kugeuka.

"Akatae akiwa ameombwa."

Nikaamka. Viganja vilikuwa vinawaka moto, nimevikunja ngumi. Dirishani kulikuwa kumeanza kupambazuka. Filimbi ilikuwa kwenye msumari nilipoitundika. Nilikaa kitandani nikiitazama, na aibu ya jana ilikuwa palepale, haikupungua, ila sasa nilijua inanitaka niende wapi.

Labda ameshafunga mizigo. Labda kule ni kuzuri kwake kuliko hapa, na mama yake atanisikiliza kwa heshima tu, kisha aniulize nilikuwa wapi siku zote. Sina jibu la kumpa zaidi ya kweli.

Nilivaa koti, na filimbi shingoni kama kawaida. Nilipitia dukani nikagonga mpaka mwenye duka akaniuzia sukari kupitia dirishani, huku anapiga miayo. Kisha nikapanda uwanja, nyasi zikinilowesha suruali. Kule nyuma ya goli la juu mpira ulikuwa umeshaanza kugonga ukuta.

Mlangoni nilivua viatu. Filimbi nikaitia mfukoni.