Kitunga Chini ya Miguu ya Mama

Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali mahali pamoja, na neno la mmoja halimfikii mwenzake bila kupitia kwa mtu mwingine. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima, na kwetu heshima hiyo tunaiita ya buko, na kila mmoja wao ni muko wa mwenzake.

Ndiyo maana likizo hii kubwa, shemeki yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alipofika Likasi kutoka Kinshasa kumchukua Mama, ili awe karibu na dada wakati wa kuzaa mimba yake ya kwanza, ilibidi atafutwe mtu wa kukaa katikati yao njia nzima. Baba ana zamu usine, kiwandani. Wadogo zangu wanacheka ovyo. Nikachaguliwa minye, mimi huyu. Minye ambaye darasani, mwalimu akiita majina, nainua kidole tu kwa sababu neno "présent" hukwama kooni.

Kazi ilianza nyumbani. Mama anasimama nyuma ya mlango wa jikoni, shemeki yuko salon, chumba cha wageni.

"Uliza shemeki yako kama alilala muzuri."

Shemeki amesikia kila kitu, lakini anangoja nimgeukie.

"Ambia mama, nililala muzuri sana."

Nageukia mlango. "Amelala muzuri sana."

"Aksanti," mlango unajibu.

Jambo kubwa lilikuwa dada. Shemeki alimwambia Baba, Baba akamwambia Mama, kwamba tangu mimba iingie dada hali kitu. Nyama anatapika, bukari, ugali wetu, anausukuma. Kinshasa imejaa samaki wa mto, amewakataa wote. Anataka wale wa kwetu tu, wa Mwadingusha, waliokaushwa kwa moshi. Mikono yake imekuwa vijiti. "Anaomba hizo samaki hata usingizini," Baba alituambia, na Mama akafunga kitenge chake upya na kutoka.

Alirudi na samaki wa kujaza kitunga, wale wanene wa mgongo, akawafunga kwa magazeti, magazeti akayafunga kwa plastiki, juu akatandika kitenge. Baba akainama, akanusa.

"Hakuna harufu."

Mama akanusa. "Hakuna hata kidogo."

Nikanusa na minye. Niliona ni kama kunusa gazeti la jana.

Hapo ndipo tulipokosea, na nadhani ni kosa la watu wa Likasi peke yetu. Kambi yetu iko karibu na usine. Siku upepo ukigeukia upande wetu, moshi wa asidi unaingia mpaka ndani ya sufuria, na nguo kwenye kamba unadhani zitakohoa. Pua zetu zililiwa zamani. Kuwauliza watu wa kambi ile kama kitu kinanuka ni kumuuliza kiziwi kama ngoma imelia.

Mpaka Lubumbashi tulipanda nyuma ya kamiyo, lori wazi, upepo ukawa unatutetea. Uwanja wa ndege watu walikimbia kuelekea ngazi kama kwamba ndege ingewaacha, kila mtu akitafuta kiti kizuri. Tulipata viti vitatu vya mstari mmoja. Mama dirishani, shemeki upande wa njia, na minye katikati, ukuta wa kiti kimoja. Kitunga Mama alikiweka chini, akakanyaga juu yake kwa miguu yote miwili.

Mbele ya Mama alikaa baba mmoja mnene, abacost yake, suti isiyo na tai, imenyooshwa vizuri. Hata kabla hatujafunga mikanda alilaza kiti chake nyuma, paa! juu ya magoti ya Mama. Kisha akavua viatu, akaita gazeti, akaita maji, akanyoosha mguu katikati ya njia ili wengine wauruke.

"Ambia ule baba asimamishe kiti," Mama akaninong'oneza.

Nikafungua kinywa. Kikatoka kikohozi tu.

"Uliza mama kama magoti inamuuma," shemeki akaninong'oneza upande wa pili.

"Inakuuma, mama?"

"Ambia shemeki yako hapana."

"Amesema hapana."

Mlango wa ndege ulikuwa bado wazi, tunangoja sijui nani, na jua limepiga bati la ndege mpaka mle ndani mkawa kama tanuru. Na kwenye joto lile samaki wetu wakafufuka. Minye bado sikunusa kitu. Nilijua kwa sababu mama mzee aliyekaa ng'ambo ya njia alitoa kitambaa akaziba pua, na yule baba wa mbele akasimama na soksi zake.

"Nani amekufa humu? Hostesi! Kuya hapa! Kuna kitu inaoza!"

Hostesi akaja, akanusa mstari kwa mstari, akasimama kwetu. Akaona pindo la kitenge.

"Sitwayen, ndugu raia, hii kitunga ni ya nani? Inanuka samaki. Mlango iko wazi, inashuka sasa hivi, inabakia hapa."

Mama aligeuza uso dirishani. Chakula chake kutajwa mbele ya muko wake, tena kwa kunuka, ilikuwa sawa na kuvuliwa kitenge sokoni. Alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Ndipo shemeki akasimama.

"Ni yangu," akasema.

Baba wa mbele akacheka mpaka tumbo likagonga kiti. "Muangalie! Mwanaume muzima, abacost safi, sura ya mutu wa ofisi kubwa Kinshasa, na anabeba samaki kama mama wa soko! Bibi yako anafanya nini? Anasoma gazeti?"

Ndege nzima ikacheka. Shingo ya shemeki ilitoa jasho, lakini hakurudisha neno lake.

"Kama ni yako, basi itoe," hostesi akasema.

Shemeki akainama. Mkono ukapita mbele yangu, ukashuka, ukakaribia miguu ya Mama, ukasimama hewani. Hangeweza. Kugusa kitu kilicho chini ya miguu ya mama mkwe! Mama naye hangeweza kuinua kitunga akampa. Mkono ukabaki pale, hostesi anasubiri, kicheko kinaongezeka.

"Sema, mutoto," Mama akanong'ona.

"Sema," shemeki akanong'ona.

Niliwangoja wanipe maneno. Hawakunipa. Kwa siku zote zile nilikuwa nabeba maneno ya huyu na ya yule, na sasa wote wawili walinisukuma mbele mikono mitupu. Nikafikiria dada, mikono yake kama vijiti, na kitunga kikibaki peke yake pale chini kwenye jua. Nikasimama.

"Siyo yake," nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyoiagiza. "Hawezi kuigusa. Iko chini ya miguu ya muko wake."

Kicheko kikakatika kama redio iliyozimwa. Hakukuwa na mtu mle asiyejua maana yake.

"Amejipakaa harufu ju ya kuficha haya ya muko wake," mama mzee wa ng'ambo akasema polepole. "Yoo! Mwanaume wa namna hii wako wapi siku hizi? Muko wangu alioa binti yangu, hata kuni hakuniletea!"

"Na samaki ni ya dada yangu," nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza sitaanza tena. "Iko na mimba. Hakuli kitu ingine. Ikibakia hapa, hatakula."

"Hostesi," mama mzee akasema, "mutoto akizaliwa na magamba, ni weye utamuosha?"

Sasa walicheka upande wetu. Hostesi naye alishindwa, akacheka, akaenda kuleta mifuko na blanketi. Minye mwenyewe nilichomoa kitunga miguuni pa Mama, tukakizungushia blanketi kama mtoto mchanga, hostesi akakipeleka nyuma kabisa. Na kwa kuwa kinywa kilikuwa bado wazi, nikamgeukia baba wa mbele.

"Na weye baba, simamisha kiti. Unaponda mama yangu."

Alinitazama. Alitazama ndege nzima inayomtazama. Akasimamisha kiti.

Angani walituletea chakula: kuku, wali, mkate mdogo. Mama hakugusa, kwa sababu shemeki yuko. Shemeki hakugusa, kwa sababu Mama yuko. Nilikula sahani tatu. Tulipotua Kinshasa, baba wa mbele aliniita kando huku anavaa viatu. "Mutoto, hizo samaki ni za Mwadingusha? Muniuzishe hata mbili." Mama akajibu akiangalia pembeni: "Ambia huyo baba, mwenye samaki ananyongwa na njaa."

Dada alitupokea mlangoni, tumbo mbele, uso mdogo. Nikafungua kitunga jikoni. Akarudi nyuma hatua mbili, ameziba pua.

"Mama! Zinanuka hivi!"

Mama na minye tukatazamana. "Zinanuka?"

Pua yake ilikuwa imeponea Kinshasa. Alicheka, akalia kidogo, akaketi chini bila kungoja bukari.

Shemeki alikuwa salon, nyuma ya pazia. "Uliza mama," akaniita, "dada yako anakula?"

Mama akafungua kinywa ili anipe jibu, kisha akagusa sikio lake, nisikilize. Dada alikuwa anafyonza kichwa cha samaki kwa kelele nyingi, mfupa kwa mfupa, na pale nyuma ya pazia nikasikia shemeki anavuta kiti, anakaa.