Nilimwambia Aende Akaone Bahari

Binti wa Kichina alikaa chumba cha juu nyumbani kwangu Sparkbrook, hapa Birmingham, miezi kumi na moja. Aliondoka bila kugombana na mie, na hilo ndilo linaloniuma. Mtu akikutukana unajua pa kumjibu. Huyu alikunja shuka, akafagia chumba, akaweka ufunguo mezani na kuniaga kwa adabu. Naandika kwa sababu kila ninayemhadithia kwa mdomo huniambia sikukosa. Nimekosa.

Skuli nilisoma mpaka darasa la nne, na chuoni nikahitimu Kurani. Kuandika najua, ila nakwenda polepole, kwa hivyo nisemavyo ndivyo niandikavyo.

Aliletwa na mjukuu wangu. Walikuwa wakifanya kazi pamoja Jumamosi kwenye duka la viatu mjini. Mwembamba, ana miwani, na sanduku lake kubwa kumshinda. Alivua viatu mlangoni kabla sijamwambia, akavipanga pua zikitazama nje. Nikasema moyoni, huyu kalelewa na mtu mzima. Nikamsomea sheria zangu papo hapo: nguruwe haingii kwenye vyungu vyangu, mvulana hapandi ngazi zangu, na mlango wa mbele haupigwi kishindo. Akaitikia kila moja kwa kichwa, kisha akaniuliza, "Na wewe nikuite nani?"

"Niite Bibi. Mtaa mzima unaniita Bibi."

Akacheka. "Bibi ninaye mmoja. Sasa nitakuwa na wawili."

Tulizungumza hivyo, Kiingereza changu cha dukani na chake cha darasani, na tulielewana kuliko ninavyoelewana na wajukuu zangu, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza.

Bibi yake ndiye aliyemlea. Wazazi walikwenda kufanya kazi viwandani, mji wa mbali, wakamwacha kijijini ana miezi minane. Akawa anawaona sikukuu ya mwaka wao mpya, basi. Bibi alimbeba mgongoni shambani, akamtafunia chakula, akamsindikiza skuli mpaka alipoona haya kusindikizwa. Kusoma na kuandika bibi hakujua. Simu yake alinunuliwa na huyu mtoto, akafundishwa kitu kimoja tu: bonyeza hapa, sema, achia kidole. Kila asubuhi nikichemsha chai nasikia sauti ya kizee huko juu, inafoka.

"Anagomba nini?" nikamuuliza siku moja.

"Anauliza kama nimevaa soksi."

"Na umevaa?"

"Hapana."

"Basi mwambie mie pia nimegomba."

Jikoni tulikuwa tukisutana kila siku. Anapika wali wake, naufunua, namwambia, "Huu wali au bokoboko? Umeshikana wote." Naye anaonja wangu wa nazi. "Wa kwako unakimbiana, Bibi. Utaukamataje kwa vijiti?" Nikamwonesha mkono. "Mungu kanipa vijiti vitano, tena haviangushi." Mwisho akawa anakula kwa mkono, vibaya, wali unamwagika mpaka kwenye mikono ya sweta.

Na alikuwa mtembezi. Jumapili haimkuti nyumbani. Anapanda basi la safari ndefu, leo Liverpool, kesho York, mara moja alifika mpaka Edinburgh akarudi na mafua. Hapigi picha za uso wake kama hawa wetu. Anapiga kondoo, mlango wa soko, mzee anayeuza viazi, bomba la maji lililopakwa rangi nyekundu. Kisha anamwelezea bibi yake kwa sauti, kimoja kimoja, na bibi anamuuliza maswali. Kondoo wale wanalishwa nini? Yule mzee ana watoto? Bibi hakuwahi kutoka wilaya yao. Bahari hakuwahi kuiona, na mtoto naye hakuwahi; Liverpool aliona mto na meli tu, na Edinburgh hakufika ufukweni. Walikuwa wamewekeana ahadi: mtoto ataiona kwanza, amwoneshe kwenye simu, na akimaliza masomo ampeleke akaikanyage mwenyewe.

Mwezi wa tano nikapata ujumbe kwenye simu yangu. Mama yake alikuwa na nambari yangu tangu mtoto alipohamia, maana alitaka kujua nyumba ina mtu mzima. Aliandika Kichina, simu ikageuza Kiswahili, Kiswahili cha mashine lakini kinasomeka. Nikasoma kwa kutembeza kidole. Bibi ameanguka uani, amevunjika nyonga, yuko hospitali, chakula hali vizuri. Binti asiambiwe. Ana mitihani. Akijua atarudi, na jasho la miaka yote litamwagika. Mwisho akaandika: "Wewe ni mzee. Wewe unaelewa."

Nilielewa kweli. Kwetu Unguja mzazi aliye ndani ya arobaini haambiwi msiba, maziwa yatakauka. Msafiri akiingia haambiwi mpaka ale, akae. Na wao, nimekuja kujua, mtoto aliye mbali hapelekewi ila habari njema. Mila zao na zetu zimekutana kwenye simu yangu. Nikamjibu, "Sitasema, mama."

Lakini kuna jambo jengine nililolijua, nami nilijifanya silijui. Mie mwenyewe nilifanyiwa hayo. Nilipojifungua mwanangu wa tatu, hapa hapa Birmingham, mama yangu alikufa Unguja. Kaka yangu akawakataza watu wote kuniambia. Napiga simu, nauliza mama hajambo, naambiwa amelala. Napiga tena, amekwenda kuoga. Nilitoka arobaini ndipo nikaambiwa, na huko walikuwa wamekwishamzika, wamekwishasoma hitima, wamekwishagawana kanga zake. Wiki nne nzima nilimwombea shifaa mtu aliye kaburini. Na kaka yangu sikusema naye miaka sita.

Mjukuu wangu nilimwonesha ule ujumbe. Akausoma, akaniangalia.

"Si haki, Bibi. Ni bibi yake."

"Mama yake ndiye aliyeniomba."

"Babu mkubwa ulimnunia miaka sita kwa jambo hili hili."

"Yale yalikuwa yangu. Haya ni ya watu. Na wewe mdomo wako ufunge."

Akaufunga. Nilimlea vizuri, akanitii, na leo natamani asingenitii.

Mitihani ikapita. Wakati huo asubuhi zilikuwa zimenyamaza, sauti ya kizee haifoki tena. Siku moja nakanda unga wa chapati, mtoto akashuka na simu mkononi.

"Bibi, siku ya nne leo bibi yangu ananiletea maandishi. Bibi yangu hajui kuandika."

Sikuinua uso. Nikaendelea kukanda. "Hata mie huandikiwa na mjukuu wangu. Koo likimuuma atasemaje? Kuna mtoto wa jirani anamwandikia."

"Kweli?"

"Sisi vizee ndivyo tulivyo. Simu zinatuchosha."

Nikaona mabega yake yanashuka. Aliniamini. Angeambiwa na mwalimu wake wa chuo kikuu asingeamini, wala na mama yake. Aliniamini mie kwa kuwa ni kizee kama yule, nisiyejua simu kama yule.

Baada ya hapo akawa na wiki mbili za kupumua kabla ya kukaa kuandika kile kitabu chao cha mwisho cha masomo. Akaja jikoni tena, asubuhi, amekaa kitako kwenye kigoda changu cha mbuzi ya nazi.

"Nakata shauri, Bibi, unisaidie. Naweza kwenda nyumbani siku kumi, nimshtukize bibi. Au niende Wales nikaone bahari, nirudi niandike, nimalize, ndipo niende nyumbani moja kwa moja."

Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa gauni. Asubuhi ile ile mama yake alikuwa ameniletea ujumbe. Bibi hatoki tena kitandani. Kila siku anauliza mtoto anarudi lini, nao wanamwambia yuko karibu. Mzee usiseme, alisema, imebaki kidogo tu amalize.

Nafasi niliipata, tena aliiweka yeye mwenyewe mbele yangu. Wala nisingehitaji kuvunja ahadi. Ningesema tu, nenda nyumbani mwanangu, bahari haina miguu. Maneno hayo yalikuja mpaka kwenye ulimi. Nikafikiri, akienda ataona, akiona hatarudi, na mama yake atasema kizee wa Sparkbrook ameuza siri yangu.

"Nenda kaone bahari," nikamwambia. "Nyumbani utakwenda ukimaliza, na cheti mkononi. Bibi yako atafurahi zaidi."

Nikamfungia mandazi kwenye karatasi. Akaenda.

Siku ya nne mama yake akaandika kwamba bibi ameondoka asubuhi ile, kwa utulivu, na wana wote walikuwepo. Nilikuwa Ladypool Road, nimesimama mbele ya duka la mboga, nimeshika fungu la kotimiri. Kabla sijarudisha simu mfukoni, ikalia tena. Ni mtoto, kutoka Wales. Picha ya maji ya kijivu, na miguu yake imo ndani, suruali imekunjwa. Na sauti: "Bibi, maji ni baridi sana. Nimempelekea bibi yangu. Akiona sina soksi atanigomba."

Mwenye duka aliniuliza kama nimepatwa na kitu. Nikamwambia jua, na jua halikuwepo.

Akarudi na mchanga kwenye viatu. Akakaa wiki saba anaandika chumbani, nami namkalisha meza moja na mie, namtilia wali, namwambia kula. Aliuliza kwa nini bibi hakusema chochote juu ya bahari. Wakamwandikia kutoka kule kwamba bibi amesema ni kubwa. Neno moja hilo. Alilifurahia, akanisomea.

Siku aliyokabidhi kazi yake, mama yake alimpigia. Nilimsikia juu, kwanza anacheka, kisha kimya. Akashuka nusu ya ngazi, akakaa pale pale.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla ya mitihani."

"Nilipokuuliza habari ya maandishi?"

"Nilijua."

"Nilipokuuliza niende wapi?"

"Nilijua, mwanangu."

Akainuka, akapanda juu. Siku ya tatu yake ndiyo akafagia chumba, akaenda kwa mwenzake Newtown, upande wa pili wa mji.

Nikakaa wiki mbili nimeshikwa na kiburi. Nikawa nasema atarudi, sahani zake za udongo zimo kabatini. Hakurudi. Nikamwambia mjukuu wangu anitafutie anwani, nikapanda basi peke yangu. Ghorofa ndefu, yeye yuko ya kumi na moja. Alipofungua akasema, "Karibu, Bibi," kwa Kiswahili nilichomfundisha. Akanipa kiti, akanipa maji ya moto matupu kwenye kikombe, ndiyo kinywaji chao.

Mezani palikuwa na picha, zimepigwa chapa kwenye karatasi: kondoo, soko, ile bahari na miguu yake. Nikamuuliza za nini. Akasema Alhamisi anasafiri kwenda nyumbani. Atakwenda kaburini azichome, maana kwao kitu kikichomwa ndipo kinamfikia maiti. Sisi hatuna hilo. Sikuwa na haki ya kusema ya dini siku ile.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikamwambia.

Akazipanga zile picha, ncha kwa ncha. "Mama ameniomba. Baba ameniomba. Sasa na wewe. Nyote ni wakubwa zangu. Nyote mlinipenda. Nani nimkasirikie?"

"Mie. Mie siyo damu yako, nikasirikie mie."

"Wewe ulifanya walivyokuomba." Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayetaka kujua tu: "Wewe Bibi, ungefanyiwa hivi, ungetaka?"

Ningeweza kumwambia sijui. Uongo nilikwishauzoea. "Nilifanyiwa," nikamwambia, na nikamhadithia habari ya mama yangu yote, na ya kaka yangu, na ile miaka sita.

Alisikiliza mpaka mwisho. Miwani aliivua, akaifuta kwa upindo wa sweta, akaivaa.

"Basi ulijua inavyouma."

"Nilijua."

"Ungeniambia niende nyumbani, ningewahi?"

Nikahesabu. Nilikuwa nimehesabu siku nyingi, kila asubuhi. "Ungekaa naye siku mbili. Labda moja na nusu."

Akaitikia kwa kichwa, kama alivyoziitikia sheria za nyumba yangu. Hakulia mbele yangu na radhi hakunipa. Niliposimama akasimama, akanishika kiwiko mpaka kwenye lifti, akabonyeza kitufe. Lifti ilichelewa. Hakurudi ndani. Alisubiri na mie pale ukumbini, kijana anavyosubiri na mtu mzima, mpaka mlango ukafunguka nikaingia.