Majina Niliyoyanakili Ofisini kwa Mbunge

Admin, jina langu usiweke, hata herufi ya kwanza.

Nina miaka 22, nipo chuo mwaka wa pili, na sasa nafanya field, yaani mafunzo kwa vitendo, hapa Mpanda, ofisini kwa mbunge mmoja. Mwenyewe yuko Dodoma bungeni, ofisi anaiendesha katibu wake. Kazi yangu ni kupokea wananchi na kuandika shida zao kwenye daftari.

Wiki tatu zilizopita alikuja mama mmoja mfugaji, Msukuma, katoka upande wa Inyonga. Alileta barua ya wanakijiji kumlalamikia mwenyekiti wao, kwamba anagawa eneo la malisho kwa ndugu zake. Wengi walikuwa wameweka dole gumba tu kando ya majina yao. Kabla hajaniachia hiyo barua aliniuliza kama majina yao yatabaki humu ndani. Nikamwambia, "Mama, hapa ni kwa mbunge, usiogope." Nikamwandikia na namba yangu kwenye kikaratasi.

Katibu alipoisoma akaniambia niyanakili majina yote upya ili yasomeke. Nikaandika vizuri kabisa, akanisifia.

Juzi yule mama kanipigia. Mwenyekiti anawaita mmoja mmoja, mkononi ana karatasi ya majina yao. Mume wake aliitwa siku ya Jumapili, akatishiwa, akakimbia, mpaka leo hajulikani alipo. Binti yao alikuwa amemsindikiza, akaiona ile karatasi.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "binti anasema mwandiko ni ule ule wa kikaratasi chako. Ni wewe?"

Nikakata simu. Mungu anisamehe.

Jana katibu akaniita, akafunga mlango. Hakufoka.

"Nasikia kuna watu wa kijijini wanakupigia. Fomu yako ya chuo nitaisaini mimi, unalijua hilo? Halafu mama yako bado anauza uji pale stendi?"

Jamani, sijawahi kumwambia mtu yeyote pale ofisini mama yangu anafanya nini.

Ile barua niliipiga picha, ninayo kwenye simu. Mbunge anakuja Ijumaa, lakini sijui kama yeye na katibu wake si kitu kimoja. Nikisema, namwogopea mama yangu. Nikinyamaza, kuna watu kule wanaumia kwa mkono wangu.

Nyie mngeanzia wapi? Niambieni haraka, maana yule mama leo amepiga mara mbili na nimeiacha simu iite mpaka ikakata.