Mshika Kigoda

Nyumba ya babu kule Bokoli ilinuka ugoro hata baada ya yeye kuzikwa. Kwetu hatukuwa na mfalme, lakini ukoo ulikuwa na kigoda cha miguu mitatu, na babu aliamua kesi zote za mipaka na ng'ombe akiwa juu yake. Alimrithisha kaka yangu Simiyu, ambaye alikuwa bado hajatahiriwa, na asiyetahiriwa hawaamui wanaume. Basi Baba Mdogo Wafula akapewa cheo cha Mshika Kigoda: atawale kwa niaba ya mwenyewe, ila akae mkekani, kigoda kitupu kando yake. Nilimpenda mno yule mtu. Alikuwa akipiga mluzi tangu langoni, nami nikitoka mbio kumpokea.

Msimu ule mvua ilinyesha hadi mkeka ukaloa. Siku moja, katikati ya kesi ya mpaka, Baba Mdogo aliinuka na kukalia kigoda. Bibi yetu, Kukhu, akamwambia, "Wafula, toka hapo. Rudi kwa mkeka."

"Ati Wafula ni nani?" aliuliza. "Mimi nimekaa kwangu." Kisha akakohoa kikohozi cha babu, viwili vifupi na kimoja kirefu.

Tangu hapo mluzi ulikoma. Aliburuta mguu wa kushoto, akaomba ugoro ambao hakuwahi kuugusa, na mimi akaniita Mzee Mdogo, jina ambalo babu pekee aliniita. Cha kuazima hakisitiri maungo, wahenga walisema. Hiki kilimmeza mwazimaji mzima. Nililia nikitaka arudi.

Agosti Simiyu alitahiriwa. Alipopona, Kukhu alimshika mkono akamkalisha kigodani. Baba Mdogo alitutazama kama aliyeamshwa. "Kwani mvua imeisha?" aliuliza, kisha akapiga mluzi. Nilimkumbatia kwa furaha. Nyuma yangu Simiyu akakohoa, viwili vifupi na kimoja kirefu.

Sasa Simiyu anaishi Kitale na kigoda chake, na akinipigia simu nasikia kikohozi kabla ya salamu. Juzi alisema, "Mzee Mdogo, mimi nimechoka. Kijana yangu bado hajaingia jando. Si utanishikia?" Mila haina kukataa. Enzi zile nilikuwa mtoto wa kumlilia mtu. Leo wa kuliliwa ni mimi. Nimenunua mkeka wa plastiki usiolowa. Na binti yangu, anayenikimbilia langoni akisikia mluzi wangu, nimemwagiza: ukinikuta juu ya kigoda, nivute, hata nikikuuliza wewe ni nani.